Mwizi wa Koki ya Bombani

Nililiamkia koti.

Msicheke kabla sijamaliza. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani juu ya jokofu, mahali ninapoiweka kila siku ili nisiisahau. Nikaingia ofisi ya maji, nikaona mtu ameketi nyuma ya meza: mabega mapana, rangi ya kijivu, kimya kizito cha mwenye madaraka. Nikainama kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Kimya. Nikasema moyoni, huyu mkubwa kweli kweli, maana wadogo huitikia. Nikapandisha sauti. Nikajitambulisha kwamba naitwa Mikidadi, natoka mtaa wa Bombani, ng'ambo ya reli, nimetumwa na mkutano wa mtaa kuja kuulizia koki ya kioski chetu kipya cha maji. Nikanyoosha mkono kwa heshima zote. Nikashika mkono wa koti, mtupu, ukaning'inia kwenye kiganja changu kama samaki aliyechoka.

Nyuma yangu benchi zima likapasuka kwa kicheko.

"Baba," akasema mama mmoja aliyepakata dumu tupu la manjano, "huyo tumeshinda naye tangu asubuhi. Lakini wewe ndiye wa kwanza kumpa mkono."

"Yupo," akasema karani wa mapokezi, macho kwenye simu. "Si koti lake hilo? Ametoka kidogo."

Nimetembea mimi, jamani. Nimeuza dagaa Kigoma, nimebeba magunia bandarini Mombasa, nimepika wali kwenye meli ya Wagiriki mpaka wakaniomba kwa machozi nisipike tena. Mipaka mingine nimeivuka kwa pasipoti, mingine kwa tabasamu. Lakini kumpa mkono mtu asiyekuwemo, hilo nimelisubiria uzeeni.

"Faini!" akasema jamaa mwingine. Huyu alikuwa na mita ya maji mapajani, ameing'oa kwake aje aionyeshe, maana maji hayatoki lakini namba zinakwenda, inasoma upepo. "Mzee mzima umetuvunja mbavu na njaa zetu. Lipa faini."

"Nilipe nini?"

"Hadithi. Huyu mwenye koti harudi leo wala kesho."

"Na isiwe ya sungura," akasema yule mama. "Sungura angekuwa kwenye benchi hili, saa hizi ameshahudumiwa, yuko kwao."

Nikaketi katikati yao. Nikawaambia, hadithi ninayo, lakini haina mwisho. Mwisho wake ninautafuta mimi mwenyewe, na Jumamosi nitasimamishwa mbele ya mkutano niutoe. Basi nitawasimulia, na nyinyi mtanilipa kwa kunipa mwisho. Wakasema haya, leta.

Hapo zamani, ile zamani ya karibu ambayo wenye nayo bado wanadai ujana, mtaa wa Bombani ulikuwa na bomba. Bomba moja, limesimama uwanjani peke yake, na juu yake koki ya shaba iliyong'arishwa na viganja vya watu wanaojaribu bahati. Maji hayakutoka. Lakini bomba lilikuwepo, na mtaa ukapewa jina hilo, kama vile mtu anavyoitwa Tajiri na hana hata kiraka cha pili.

Mtaani alikuwako mchoraji, jina lake Maganga, Mnyamwezi, aliyekuja kutoka huko kwao Unyanyembe akiandika vibao vya maduka. Huyu Maganga akabuni katuni. Ikawa inatoka kila mwezi kwenye jarida la karatasi ya kijivu, ile inayoacha wino mikononi, na ikaitwa Mashujaa wa Bombani.

Katuni yenyewe ilikuwa hivi. Siku moja bomba linatoa maji. Hilo peke yake lilitosha kuwa muujiza, lakini Maganga alikuwa kijana, hakujua kuishia njiani. Watu wa kawaida waliowahi foleni wakayanywa yale maji, na kila aliyekunywa akapata uwezo usio wa kawaida. Kinyozi akapata uwezo wa kusikia mawazo ya mtu anapomnyoa. Fundi cherehani akapata uwezo wa kumaliza nguo siku ileile aliyoahidi.

"Ah!" akasema jamaa wa mita. "Hapo alizidisha."

"Ndivyo wasomaji walivyomwandikia mhariri. Kama fundi angeruka angani wangekubali."

Na kati ya mashujaa alikuwako mwanamke mmoja, kipenzi cha wasomaji wote, Bi Gusakoti. Uwezo wake ulikuwa huu: akiingia ofisini akakuta koti kitini na mwenyewe hayupo, hulishika koti begani, mara moja tu. Hapo hapo mwenye koti, popote alipo, kwenye supu, kwenye msiba wa uongo, kwenye nyumba isiyojulikana na mkewe, anatokea mbio mbio, jasho linamtoka, kalamu mkononi: "Karibu mama, nikusaidie nini?"

Wote wakaligeukia lile koti la kijivu pale kitini. Karani akaweka simu mezani.

"Usilishike tena," akaniambia.

Basi huyu Bi Gusakoti hakutoka hewani. Sura ile, kidevu kile, na ile namna ya kufunga kanga kiunoni kama anakwenda kuvunja mlango, vilikuwa vya mtu. Vilikuwa vya Bi Kidawa, Mzigua wa palepale Bombani, wakati huo mwanamke wa makamo mwenye ulimi uliofika sokoni kabla yake. Na nyinyi mnajua mambo ya Mzigua na Mnyamwezi.

"Watani hao," akasema mama mwenye dumu.

Watani wa damu. Bi Kidawa akimwona Maganga barabarani, humwuliza mzigo wa bwana wake ameutua wapi, kana kwamba bado ni mpagazi wa misafara. Maganga akimwona Bi Kidawa, huficha mfuko. Hakuna anayekasirika. Mtani hakasiriki, akikasirika anatozwa, na aibu inakuwa yake.

Sasa Maganga akafiwa na kaka yake. Watu wamekaa matanga, nyuso chini. Akaingia Bi Kidawa, akavitia miguuni viatu vya Maganga, akaenda navyo mpaka makaburini, akiburuza kisigino, akitangaza kwamba marehemu amekufa ili asilipe mihogo yake, na kwamba viatu hivi havirudi mpaka vikombolewe kwa jogoo. Waombolezaji wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndiyo kazi ya mtani, kuupunguzia msiba uzito usije ukaangusha paa. Maganga akatoa jogoo mbele ya watu, akarudishiwa viatu mbele ya watu. Lakini alirudi nyumbani akitikisa kichwa: Mzigua huyu, nitamlipa.

Akamlipa kwa kalamu. Toleo lililofuata la katuni, koki ya Bombani imeibwa. Maji yamekatika, mashujaa wanaishiwa nguvu. Kinyozi anasikia mawazo nusu nusu, fundi ameanza tena kusema "njoo keshokutwa". Na picha ya mwisho kabisa, chini kulia, mlango wa chumba cha Bi Gusakoti uko wazi kidogo. Yeye amepiga magoti, na kwenye pindo la kanga yake inang'aa koki. Pembeni neno moja: "Kumbe!" Chini yake jingine: "Itaendelea."

Haikuendelea. Jarida likafa mwezi ule ule, kwa maradhi yanayoua majarida: karatasi hakuna, wino hakuna, mhariri ameonekana Lusaka.

Na kama vile hilo halitoshi, siku hizo hizo koki ya kweli, ile ya shaba, nayo ikatoweka. Watu wakaamka wakakuta bomba halina kichwa. Hapo utani ukageuka ushahidi. Bombani nzima ikasema: mwizi si tumemwona? Si huyu hapa kwenye picha?

Bi Kidawa afanye nini? Akikasirika, amevunja utani. Akicheka, amekiri. Akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na watu wakasema: mnaona, amenyamaza.

Miaka ikaja, ikaenda. Akipita njiani anaitwa Mama Koki. Akiazima sufuria, mwenyewe anakagua kifuniko. Washenga walipokuja kumposa binti yake, mmoja wao aliuliza, kwa adabu sana, kama bi harusi atatoka na koki au itabaki kwa mama. Siku hizi ni bibi wa wajukuu, na wajukuu wanaulizwa shuleni.

"Mungu wangu," akasema mama mwenye dumu. "Kwa mchoro?"

"Kwa mchoro, mama. Maneno husahaulika, mchoro unabandikwa ukutani."

Wakati huo akaja mtu mmoja mikono mitupu, shati limekunjwa mpaka kwenye viwiko, kijiti cha meno mdomoni. Bila miwani yangu nilimwona kama ukungu wenye kitambi. Akasimama mbele ya benchi. "Haya, nani wa kwanza hapa?"

"Subiri baba," mama mwenye dumu akampungia mkono bila kumtazama. "Kaa pale mwisho. Tuna shughuli."

Yule mtu akashangaa, akatutazama, akakaa pale mwisho. Karani alikohoa mara kadhaa. Tukadhani ana kifua.

Nikaendelea. Mwaka huu mambo mawili yamekuja Bombani kwa pamoja. La kwanza, kioski cha maji. Kimejengwa, kimepakwa rangi ya buluu, kinasubiri koki, na kinasubiri mtu mwaminifu wa kushika ufunguo. La pili, Mashujaa wa Bombani wamefufuka.

Aliyewafufua ni binti anayeitwa Aikande, mchoraji wa siku hizi, anachora kwa kidole kwenye kioo. Aliingia kupunguza nywele kwa kinyozi wetu Athumani, akakuta yale majarida ya zamani yamening'inizwa kwenye waya, toleo kwa toleo, hakuna lililopungua. Athumani ana sheria yake tangu ujanani: ukitaka kusoma katuni, anakunyoa nusu ya kichwa kwanza, ukirudisha, anakumalizia. Jarida halikupotea hata moja. Waliopotea ni wateja.

Aikande akasoma kichwa nusu, akacheka, akafika kwenye "Kumbe!", akauliza kilichofuata. Athumani akamwambia hakuna kilichofuata. Binti akaapa kwamba kitafuata. Akachora upya kila ukurasa kwa rangi. Akatafuta wafadhili, akawapata, nao wakaipenda kazi mno. Waliomba jambo dogo tu: mashujaa wanawe mikono kwa sabuni katika kila ukurasa. Jalada nalo likajaa nembo, hata mashujaa ikabidi wachungulie katikati yake kama watu waliokuja kuazima ngazi.

Ukabaki ukurasa mmoja, ule unaokuja baada ya "Itaendelea".

Ukaitishwa mkutano wa mtaa kumchagua mshika ufunguo wa kioski. Jina la Bi Kidawa likatajwa. Maana tuseme kweli, gari la maji linapokuja Bombani, ni yeye anayepanga foleni, na siku anayopanga yeye hakuna anayepigwa ndoo. Mikono ikaanza kupanda. Mara mtu akasema kutoka nyuma, "Ile ya kwanza amesharudisha?" Kicheko. Mikono ikashuka, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kujikuna.

Na hapo ndipo ninapowapenda watu wangu na kutaka kuwahama. Mkutano ukaazimia kwa kauli moja: uchaguzi usubiri mpaka katuni itoke, tujue kama aliiba.

"Mnasubiri katuni?" akauliza jamaa wa mita.

"Tunasubiri katuni."

"Watu wazima?"

"Na mwanasheria mmoja. Yeye ndiye aliyeunga mkono hoja."

Basi atakayejaza ukurasa ule ndiye atakayemtia Bi Kidawa ufunguo mkononi, au atakayemzika na jina la wizi. Wakatafuta mtu wa kuamua ukurasa ni wa nani. Wakanichagua mimi, kwa sababu mtaani kwetu ndimi mtu pekee ambaye kila upande unamshuku sawasawa. Nikawaita wanaoudai, wote wanne, kwa Athumani, nikakaa kwenye kile kiti kinachozunguka, ili nimgeukie kila anayesema.

Akaanza Maganga. Ni mzee sasa, mkono unatetemeka, hata kikombe cha chai anakishika kama anakisalimia.

"Ukurasa ni wangu," akasema. "Ni wangu kwa nini? Kwa sababu mimi ndiye niliyeona maji yanatoka kabla hayajatoka. Kinyozi ni wangu, fundi ni wangu, Gusakoti ni wangu. Na mwisho ninao. Nilikuwa nao tangu picha ya kwanza."

"Uweke wazi," nikamwambia. "Aliiba, hakuiba?"

"Aliiba."

Athumani akaangusha wembe. Bi Kidawa hakutikisika.

"Aliiba," Maganga akasema, "lakini sikiliza. Wakubwa walikuwa wamesikia habari za yale maji. Walikuwa njiani, na madumu. Mkubwa akiyanywa yale maji, si atapata uwezo wa kuwa kwenye vikao viwili kwa wakati mmoja, na posho zote mbili? Nchi ingepona? Gusakoti akaijua hatari. Akaiiba koki, akapoteza uwezo wake mwenyewe, akakubali kuitwa mwizi, ili mtaa usalimike. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziota. Iondoe hiyo, katuni inabaki tangazo la sabuni."

Hapo Aikande akatazama chini.

Nikazungusha kiti. Athumani naye akasema.

"Ukurasa ni wangu. Ni wangu kwa nini? Kwa sababu mwenye hadithi aliitupa, mimi nikaiokota. Maganga, wewe mwenyewe huna nakala hata moja! Umekuja kwangu kusoma kazi yako, nikakunyoa nusu. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Miaka yote hii watu wameniuliza mwisho, nami nimewapa. Huu mji unajua mwisho wangu: mwizi ni yule fundi cherehani."

"Kwa nini fundi?" nikauliza.

"Mtu anayemaliza nguo siku aliyoahidi," akasema Athumani, "ana jambo anaficha."

Nikazungusha kiti. Aikande akasema.

"Ukurasa ni wangu, shikamooni wazazi wangu. Ni wangu kwa nini? Mzee Maganga aliwazaa, sawa. Baba Athumani aliwalea, sawa. Lakini walikuwa wamekufa, na mimi ndiye niliyewafufua. Macho yameniuma, mgongo umeniuma, wafadhili wamenipigia simu kanisani. Jumamosi ukurasa usipokuwa tayari, hawachapi, na mtakaa na waya wenu. Mimi nasema asiwepo mwizi. Kwenye mwisho wangu koki imechukuliwa na mfumo."

"Mfumo?" Athumani akageuka na mkasi. "Mfumo ndiye nani? Anakaa mtaa gani? Nimewahi kumnyoa?"

"Mfumo si mtu, baba."

"Basi mwanangu, watu watasema Mfumo ni jina la utani la Kidawa."

Nikazungusha kiti. Bi Kidawa alikuwa amekaa mlangoni, amefunika kitu kwa kanga.

"Ukurasa ni wangu," akasema. "Ni wangu kwa nini? Maganga amechora siku moja, Athumani amesoma akichoka analala, binti huyu amekuja juzi, Mungu ambariki. Mimi ndiye niliyeishi humo. Kila 'itaendelea' yenu imeendelea kwangu. Sikuiba koki. Sikuiba kwa ubaya, sikuiba kwa wema. Maganga, mwisho wako ni mzuri, nakubali. Lakini watu wa Bombani watasoma mpaka 'aliiba'. Hawatafika kwenye 'kwa sababu'."

"Ni utani, Kidawa," Maganga akasema, sauti imeshuka. "Mtani hakasiriki."

"Nani amekasirika, wewe mbeba mizigo? Utani ni mdomo kwa uso. Unanitukana nikiwepo, nakutukana ukiwepo, tunacheka, tunakwenda kula. Wewe umenitania mbele ya watu wasio watani wangu. Mchaga kasoma, Mhaya kasoma, wao watajuaje? Mimi nilichukua viatu vyako mbele ya watu, na vilipokombolewa nikavirudisha mbele ya watu. Wewe umechukua jina langu. Basi nami nakomboa."

Akafunua kanga. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa, akatoa kichwa na kututazama sote kama hakimu aliyechelewa kufika.

"Jogoo wako huyu. Nirudishie."

Maganga akamtazama yule jogoo. Utani una sheria, na mtani aliyeletewa jogoo hana pa kukimbilia.

"Kidawa," akasema mwishowe, "viatu nilirudishiwa kama vilivyokuwa. Hadithi nikikurudishia imebadilishwa mguu, itakuwa ya nani? Nimebakiwa na picha moja maishani. Mkono huu hauwezi hata kuichora. Unataka nife bila hiyo?"

"Na mimi," akasema Bi Kidawa, "unataka nife na hiyo?"

Mimi nikafanya kile wanachofanya waamuzi wenye busara. Nikasema, "Jumamosi." Jogoo akawekwa kwangu kama amana. Anawika mchana.

Sasa nimefika, ndugu zangu wa benchi. Mmoja aliwabuni mashujaa, na bila yeye wasingekuwepo. Mmoja aliwatunza, na bila yeye wangefungiwa karanga. Mmoja aliwafufua, na bila yeye wangebaki kwenye waya. Na mmoja alilipia kila toleo ambalo halikutoka. Ukurasa ni mmoja, hauchaniki, na ufunguo wa maji unasubiri chini yake. Je, kati yao, nani alistahili kuuandika ukurasa wa mwisho?

"Mchoraji!" akasema jamaa wa mita. "Kitu ni cha aliyekianza. Vinginevyo kila mtu ataamka amalizie nyumba ya jirani."

"Nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha nani?" akasema mama mwenye dumu. "Uso ni wa yule mama!"

"Mimi naona binti," akasema karani, ambaye tulikuwa tumemsahau. "Vijana tunafanya kazi, wazee mnachukua sifa."

"Wewe kazi gani unafanya hapo?" mama akamwuliza. "Kulinda koti?"

Sauti zikapanda. Mita ikagongwa kwenye benchi. Ndipo yule mtu wa mwisho, mwenye kijiti cha meno, akainua kidole kama mwanafunzi.

"Samahani," akasema. "Koki ya Bombani. Ni ya shaba? Ina mkono mfupi?"

"Hiyo hiyo," nikasema.

"Mbona ipo."

"Ipo wapi?"

"Stoo. Hapo nyuma. Niliikuta nilipohamishiwa hapa, na niliyempokea kazi naye aliikuta. Mafundi wa ofisi waliifungua zamani kwa ajili ya matengenezo. Ilikuwa inasubiri mhusika aje aiulizie." Akatutazama sote, ameshangaa kweli. "Hakuna aliyeiulizia."

Nikafikiria kidevu cha Bi Kidawa, na wajukuu shuleni.

"Lakini kwa utaratibu," yule mtu akaendelea, akisafisha koo, na hapo sauti yake nikaitambua ingawa sikuwahi kuisikia, "kwa utaratibu mhusika ataandika barua, kisha tutaunda kamati ndogo ya kupitia—"

Mama mwenye dumu akainuka. Akaenda mpaka kwenye kile kiti, akalishika koti la kijivu begani, akarudi nalo, akamtupia mapajani.

"Vaa koti lako, baba, ukailete."